Majina ya Mahali katika Hazina ya Ramani za Serikali

Neno "miundombinu" limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha leo, na mtu alisikiapo hufikiri barabara, madaraja, reli, mabomba ya maji na nyaya za umeme. Wapimaji wa ardhi na mafundi wa kompyuta wamelichukua neno hilo wakalipa kazi nyingine: husema "miundombinu ya kitaifa ya data za kijiografia". Maneno hayo ni mazito, na si ajabu mtu akiyasoma mara mbili asipate picha yoyote. Lakini jambo lenyewe si gumu kulieleza. Kila serikali inazo idara nyingi ambazo kazi zao zahusu mahali: moja hupima mipaka ya viwanja, nyingine hulinda misitu, ya tatu huhesabu watu, ya nne huchimba visima, ya tano hujenga barabara. Kila moja huchora ramani yake au hutunza orodha yake. Miundombinu inayosemwa hapa ni ule utaratibu wa sheria, wa vipimo, wa majina na wa mitambo unaoziwezesha idara hizo kupeana taarifa, na kumwezesha raia naye kuzipata, pasipo kila mmoja kuanza kazi upya kana kwamba nchi haijapata kupimwa kamwe.

Katika Marekani wazo hili lilitiwa katika amri ya serikali tarehe 11 Aprili 1994, Rais Bill Clinton alipotia sahihi amri ya 12906. Amri ile iliziagiza idara za serikali kuu zieleze kwa kanuni moja taarifa zote mpya za ramani zitakazokusanya. Tena kabla ya kutumia fedha za umma katika upimaji mpya, ziangalie kwanza kama taarifa hizo hazipo tayari kwa idara nyingine. Ilichukua miaka mingi kabla ya utaratibu huo kupewa nguvu ya sheria ya Bunge, mwaka 2018. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lake mwaka 2007, nalo lapasa kuangaliwa na wanaoshughulika na lugha, kwa sababu katika mafungu ya taarifa 34 yaliyotajwa humo, majina ya mahali yamewekwa katika kundi la kwanza, pamoja na mipaka ya utawala na mito, yaani vile vitu ambavyo ramani nyingine zote huvitegemea. Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianza kuandaa utaratibu wake mwaka 2001.

Ni rahisi kudhani kwamba kizuizi kikubwa ni bei, au ukaidi wa wenye ofisi. Bei ina nguvu kweli. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na kwa miaka mingi picha zilizopigwa na setilaiti za jina hilo ziliuzwa. Kuna wakati ambapo biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni, na picha moja iligharimu maelfu ya dola. Mwaka 2008 ikaamuliwa kwamba picha hizo, za kale na za sasa, zitolewe bure. Zilizokuwa zikichukuliwa kwa makumi katika siku moja zikawa zachukuliwa kwa maelfu, na mwanafunzi wa Morogoro akaweza kuulinganisha msitu wa Uluguru wa leo na ule wa miongo iliyopita bila ya kumwomba mtu ruhusa wala fedha. Hata hivyo mlango uliofunguliwa haumfai mtu ambaye hajui alichokikuta ndani. Taarifa mbili zikiwekwa pamoja hapana budi zikubaliane kwanza juu ya mambo mawili: mahali panapimwaje, na mahali panaitwaje. La kwanza ni kazi ya wapimaji, nao wamekwisha kulitatua kwa sehemu kubwa. La pili ni kazi ya lugha, na bado halijatatuliwa.

Habari za vipimo zaweza kuelezwa kwa ufupi. Ramani za mizani ya 1:50,000 za Kenya, Uganda na Tanganyika zilichorwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mchango mkubwa ulitoka kwa idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa na Uingereza mwaka 1946. Vipimo vya nchi hizi vilifungamanishwa na mstari mrefu wa upimaji uliofuata longitudo ya 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ambao pengo lake la mwisho lilizibwa mwaka 1954. Mfumo uliotokana na kazi hiyo huitwa Arc 1960. Vifaa vya siku hizi vinavyopokea ishara za setilaiti hutumia mfumo mwingine, uitwao WGS 84, na umbo la dunia linalochukuliwa kuwa msingi wa hesabu si lile lile. Basi mtu akizitoa latitudo na longitudo za kisima katika ramani ya kale na kuzitia katika kifaa cha leo bila ya kuzigeuza, atapelekwa mahali palipo mbali na kisima kwa mita zipatazo 300. Ramani haikukosea, wala kifaa hakikukosea. Kilichokosekana ni maelezo mafupi ya kusema kwamba namba hizi zilipimwa kwa mfumo gani. Maelezo ya namna hiyo huitwa metadata. Ni kama cheti cha kuzaliwa cha ramani: nani aliipima, lini, kwa mizani gani, kwa mfumo gani, na nani ana haki ya kuitumia. Tangu mwaka 2003 iko kanuni ya kimataifa ya kuandika cheti hicho, ISO 19115, na hesabu za kugeuza Arc 1960 kuwa WGS 84 zimekwisha kutiwa katika programu. Fundi akikumbuka kuuliza, atajibiwa.

Katika majina hakuna hesabu ya namna hiyo.

Chukua jina la Chang'ombe. Liko Chang'ombe la Dar es Salaam, liko na la Dodoma. Alama ile ndogo kati ya g na o si pambo: ndiyo itenganishayo sauti ya ng' katika "ng'ombe" na ile ya ng katika "ngoma". Lakini katika kompyuta alama hiyo ina sura nyingi. Wako waiandikao kwa mstari mdogo uliosimama wima, wako waiandikao kwa mkato uliopinda, wengine hutumia alama iliyolala ya upande wa kushoto wa baobonye, na wengi huiacha kabisa wakaandika Changombe. Kwa jicho la msomaji yote hayo ni jina moja. Kwa kompyuta ni majina manne. Tena katika lugha moja itumiwayo sana kuulizia hazina za taarifa, alama hiyo hiyo ndiyo ionyeshayo mwanzo na mwisho wa maneno yaulizwayo, hata programu iliyoandikwa bila uangalifu hudhani kwamba jina limekwisha kwenye "Chang" na kulikataa lililobaki. Yaliyo ya Chang'ombe ni ya Murang'a pia, na ya Ng'ambo ya Unguja. Mchango wa sauti hii moja katika makosa ya orodha za serikali si mdogo, nao hautokani na upungufu wa mitambo. Watengenezaji wa mitambo hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba ng' ni konsonanti kamili katika lugha ya mamilioni ya watu.

Madhara yake huonekana pale orodha mbili zinapounganishwa. Tuseme idara ya takwimu ina idadi ya watu wa kila kata, na idara ya maji ina idadi ya visima vya kila kata. Ili kujua kila kisima kinahudumia watu wangapi, kompyuta huoanisha majina ya kata katika orodha mbili. Pale jina lisipooana, kata ile hupata sifuri, au huachwa nje ya jedwali kimya kimya. Mpangaji wa bajeti akisoma jedwali haoni kosa la tahajia; aonalo ni kata isiyo na watu, au kata isiyo na kisima. Wataalamu hujaribu kuepuka jambo hili kwa kuipa kila kata namba yake maalumu, na namba husaidia sana maadamu idara zote zatumia namba zile zile na mipaka haijabadilika. Lakini mwananchi apigaye simu kuomba gari la wagonjwa hatataja namba. Atataja jina, kwa matamshi ya kwao.

Yako na majina yanayofanana hali mahali ni mbalimbali. Majengo iko Mombasa, Nairobi, Moshi na Dodoma. Malindi ni mji katika pwani ya Kenya, tena ni mtaa katika Mji Mkongwe wa Unguja. Shangani iko Unguja na Mtwara. Mengi ya majina haya kwa asili ni maneno ya kawaida ya lugha, na hapo kuna ugumu mwingine ambao mgeni wa Kiswahili hautambui. Kiambishi -ni cha mahali kimegandamana na jina: Mikocheni ni penye mikoche, Mtoni ni penye mto. Programu za kutafuta maneno zilizofundishwa kukata viambishi ili kufikia shina la neno zitalikata -ni la Mikocheni, na mwenye kutafuta mtaa wa Dar es Salaam ataletewa habari za mti. Zile zisizofundishwa hivyo hazitajua kwamba "mtoni" katika ripoti ya uvuvi si Mtoni ya Temeke. Kanuni ya kukata na kutokata haiwezi kuandikwa na mtu asiyejua ngeli za mahali.

Kuliko majina yenyewe, maneno ya kutajia aina za mahali ndiyo huleta mkanganyiko uliofichika zaidi. Katika Tanzania Bara "kata" ni eneo lenye diwani, lililo chini ya wilaya na tarafa. Katika Kenya neno hilo limetumika kwa eneo la chifu, ambalo wengi huliita pia lokesheni, na eneo la uchaguzi la chini huitwa wadi. Zanzibar wana shehia. "Mtaa" katika miji ya Tanzania ni ngazi ya utawala iliyo chini ya kata, yenye mwenyekiti wake; katika anwani za barua ni njia yenye nyumba pande mbili; na Nairobi mtaa ni makazi mazima, hata yenye maelfu ya watu. Mtu akiziunganisha ramani za nchi mbili katika mpaka wa Namanga au wa Taveta na Holili, akakuta safu iliyoandikwa "kata" katika zote mbili, atadhani amepata bahati. Kumbe angekuwa salama zaidi kama maneno yangalitofautiana, kwa maana tofauti ya wazi humfanya mtu aulize.

Neno "msitu" ni mfano mwingine. Kwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti iwezayo kupita mita 5 kwa urefu, na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Kwa afisa wa hifadhi, msitu ni eneo lililotangazwa kuwa hifadhi, hata kama sehemu yake imekwisha kukatwa. Kwa mwanakijiji, aghalabu msitu ni mahali penye miti mikubwa iliyoshikana na kivuli, na sehemu yenye miti michache iliyotawanyika, ambayo kwa kipimo cha asilimia 10 ni msitu halisi, yeye huiita pori au nyika. Ramani tatu zenye kichwa "Misitu" zaweza kutofautiana sana bila ya hata mmoja wa wachoraji wake kusema uongo. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kutenga aina hizi: msitu, pori, mwitu, nyika, kichaka, mikoko. Kinachotakiwa ni kukubaliana kwamba katika taarifa za serikali kila neno litasimama kwa maana ipi, na maana hiyo iandikwe katika cheti cha ramani kwa Kiswahili.

Mwenye kutafuta habari za kale hupambana pia na tahajia za wageni. Wajerumani katika ramani zao za Afrika Mashariki waliandika Muansa, Bagamojo, Udjidji na Kilimandscharo, kila jina kwa herufi zinazofaa masikio ya Kijerumani. Ramani hizo, hasa zile za mizani ya 1:300,000, bado zina faida kubwa kwa mtu achunguzaye vijiji vilivyohama au mito iliyobadili njia. Lakini hazitapatikana katika hazina ya taifa kwa kuuliza "Mwanza" isipokuwa mtu amekwisha kuandika mahali fulani kwamba Muansa ndiyo Mwanza. Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wake wa kwanza juu ya kusanifisha majina ya mahali huko Geneva mwaka 1967, na ushauri uliofuatwa tangu hapo ni kwamba jina rasmi liwe moja, liandikwe kama waliandikavyo wenyeji, na majina mengine yahifadhiwe kando yake yasipotee. Sehemu ya mwisho ya ushauri huo ndiyo isahauliwayo kwa wepesi.

Kwamba jambo hili si mchezo wa wasomi ilidhihirika Dar es Salaam. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha, wengi wakiwa wakazi wa bonde la Mto Msimbazi na mabonde mengine ya mjini. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaanza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zenyewe, walitembea uchochoro kwa uchochoro wakiandika nyumba, mifereji, njia na mahali maji yalipofika, na ramani yao ikawekwa wazi kwa yeyote kuitumia. Picha za kutoka angani zilionyesha mapaa. Hazikuonyesha mpaka wa mtaa mmoja na mwingine, wala jina ambalo watu hulitumia wanapopigiana kelele usiku maji yakiingia. Hayo yaliulizwa kwa viongozi wa mitaa na wajumbe wa mashina, watu ambao ramani ya eneo lao iko vichwani mwao.

Katika bonde hilo hilo ndipo ilipo Jangwani. Mwanafunzi wa leo alisikiapo jina hilo hufikiri mchanga mkavu usiopata mvua, naye hushangaa kwamba hapo ndipo Msimbazi hufurika mara kwa mara na kuifunga barabara. Lakini jangwa katika matumizi ya kale ni ardhi tupu isiyoota kitu cha maana, na maji ya chumvi na tope la mafuriko huweza kuifanya ardhi kuwa hivyo kama vile ukame unavyoweza. Ng'ambo na Darajani za Unguja zasema wazi zaidi: ng'ambo ya mkono wa bahari, na penye daraja la kuuvukia. Mkono huo wa bahari ulikwisha kufukiwa, na mpita njia haoni maji wala daraja. Mhandisi wa mifereji ambaye hazina ya ramani ingempa majina hayo pamoja na maana zake angejua, kabla ya kuchimba, kwamba chini ya barabara hiyo palikuwa na maji.

Zanzibar yenyewe ilipimwa upya kuanzia mwaka 2016 kwa ndege ndogo zisizo na rubani, chini ya Kamisheni ya Ardhi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishiriki katika kuzirusha. Tanzania nzima iliingia katika kazi kubwa zaidi mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi iliyotangulia sensa ya Agosti ya mwaka huo. Njia ambazo hazikuwa na jina lolote rasmi zilipewa majina, na nyumba zikapewa namba. Huenda tangu Kiswahili kianze kuandikwa hakijapata kuwa na wakati ambapo majina mengi kiasi hicho yaliandikwa kwa muda mfupi namna hiyo. Kwa mchunguzi wa lugha hiyo ni hazina isiyo na mfano. Ina miti, wazee waliofariki, misikiti na makanisa, kazi za watu, mizaha, na maneno ya lugha za makabila yaliyovikwa sauti za Kiswahili. Yafaa ichunguzwe mapema, kabla tahajia zilizoandikwa kwa haraka hazijawa sheria kwa sababu tu zimekwisha kutiwa katika mitambo.

Si kila taarifa ya mahali yapasa kuwa wazi kwa wote. Tanzania na Kenya zote zilipitisha sheria za haki ya kupata habari mwaka 2016, na zote zimepitisha sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Ramani ya barabara na ramani ya nyumba ya mtu pamoja na jina lake si kitu kimoja. Makaburi ya kale na magofu yasiyo na mlinzi pia yana hatari yake, kwa kuwa wenye kutafuta vitu vya kuuza husoma ramani kama wengine. Cheti cha ramani ndicho mahali pa kuandika mipaka hiyo, na kuiandika wazi ni bora kuliko kuificha ramani nzima.

Basi orodha ya majina ya mahali inayofaa kuwekwa katika hazina ya taifa haiwezi kuwa jina na namba mbili za latitudo na longitudo tu. Yahitaji jina rasmi kwa tahajia sanifu, na ng' ikiandikwa kwa alama moja iliyokubaliwa, matamshi ya wenyeji, ikiwa yatofautiana na tahajia, majina mengine yote yaliyopata kutumika, pamoja na ramani au kitabu yalimoonekana, aina ya mahali kwa neno lenye maana iliyoelezwa, mfumo wa vipimo, na tarehe. Tarehe husahauliwa kuliko vyote. Uwanja wa ndege wa Unguja uliitwa Kisauni kabla ya kupewa jina la Abeid Amani Karume, na ripoti za kale za hali ya hewa zilizopimwa hapo hutajwa kwa jina la Kisauni. Orodha isiyo na tarehe wala majina ya zamani itampeleka msomaji wa ripoti hizo Kisauni ya Mombasa, iliyo ng'ambo ya daraja la Nyali, naye atazihesabu mvua za Unguja kuwa zilinyesha Kenya.